Kuvuja au Kuhodhi? Historia ya Utatuzi wa Hitilafu za Kumbukumbu katika Majaribio Otomatiki ya Programu za Wavuti

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna wataalamu wa kompyuta walivyojifunza kutambua na kutatua hitilafu za kumbukumbu katika majaribio otomatiki ya programu za wavuti, kuanzia mijadala ya awali ya mwaka 1960 hadi zana za miaka ya karibuni. Hoja kuu ni kwamba hitilafu hizo zilitatuliwa zaidi pale matumizi ya kumbukumbu yalipofanywa yaonekane na kupewa majina kuliko pale mashine zilipoongezewa ukubwa. Kwa msingi huo, makala yanahoji istilahi "uvujaji wa kumbukumbu", ambayo katika ofisi za umma za ukanda wetu ina maana nyingine kabisa, na kupendekeza namna ya kuitofautisha.

Utangulizi

Jaribio otomatiki la programu ya wavuti ni programu inayokiendesha kivinjari kana kwamba kuna mtu mbele yake: inafungua ukurasa, inajaza fomu, inabonyeza kitufe, kisha inakagua kama jibu lililotokea ndilo lililotarajiwa. Mradi wa kawaida huwa na mamia ya majaribio ya namna hiyo, na huendeshwa usiku au kila mara msimbo unapobadilishwa. Hitilafu tunayoizungumzia hujitokeza kwa sura inayotambulika upesi. Majaribio ya mwanzo yanapita. Yanayofuata yanapita pia, ila polepole zaidi. Kisha, mahali fulani katikati ya orodha, kivinjari kinazimika bila kuaga, na majaribio yote yaliyobaki yanahesabiwa kuwa yameshindwa. Jaribio lililokuwa likiendeshwa wakati huo, likiendeshwa peke yake, linapita bila tatizo.

Hapo ndipo swali la kihistoria linapoanzia: ni nani aliyeimaliza kumbukumbu? Yawezekana ni programu inayojaribiwa. Yawezekana ni kivinjari chenyewe, au chombo kinachokiendesha, au mazingira ambamo vyote vimewekwa. Watuhumiwa hawa wanne hawakujulikana kwa wakati mmoja. Kila mmoja aligunduliwa katika kipindi chake, na mara nyingi ugunduzi huo ulichelewa kwa sababu lugha iliyotumika kulieleza tatizo iliwaelekeza watu kutazama mahali pengine.

Mbinu mbili za kurudisha kumbukumbu

Mwezi Aprili 1960, John McCarthy wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani alichapisha makala yaliyoitambulisha lugha ya Lisp, iliyokuwa ikiendeshwa kwenye mashine ya IBM 704. Ndani yake alieleza utaratibu ambao hadi leo ndio uti wa mgongo wa vivinjari vyote: programu itumie nafasi za kumbukumbu bila kujali, na nafasi zinapokwisha, mashine isimame, ifuate kila kinachoweza kufikiwa kutoka kwenye mizizi ya programu, ikiwekee alama, na kukichukua kila kisichokuwa na alama ili kitumike upya. Leo tunauita utaratibu huo ukusanyaji taka. Kwa mtafiti wa lugha, kuna jambo dogo la kuvutia hapa. McCarthy mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba jina hilo la taka lilikuwa tayari likitumika miongoni mwao, lakini hakuthubutu kuliandika katika makala, na kwa utani alidhani kwamba wahariri wa lugha katika maabara yake wasingelikubali. Istilahi iliyoenea duniani kote ilianza kama neno la mazungumzo ambalo mwenyewe alilionea haya.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, George Collins alipendekeza njia mbadala: kila kitu kilichomo kwenye kumbukumbu kiwe na hesabu ya vitu vinavyokirejelea, na hesabu hiyo ikifika sifuri, nafasi yake irudishwe papo hapo. Njia hii ni rahisi na haisimamishi programu. Udhaifu wake ulionyeshwa mwaka 1963 na Harold McBeth: vitu viwili vinavyorejeleana haviwezi kamwe kufika sifuri, hata kama hakuna mwingine anayevihitaji. Ni kama wadeni wawili wanaodhaminiana. Kila mmoja anaonekana ana mdhamini. Msomaji aukumbuke udhaifu huu, kwa kuwa ulirudi miaka arobaini baadaye na kuyasumbua majaribio ya wavuti kwa kiwango ambacho McBeth asingeweza kukikisia.

Kumbukumbu iliyopotea

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Mwanaprogramu anaomba nafasi, na yeye mwenyewe anawajibika kuirudisha. Akiupoteza uelekezi wa nafasi hiyo kabla ya kuirudisha, hakuna tena mwenye uwezo wa kuifikia: ipo, imehesabiwa kuwa inatumika, lakini ufunguo wake umetupwa. Sitiari ya Kiingereza ya kuvuja ilistawi katika mazingira haya, na hapa ina mantiki, kwa maana kumbukumbu imetoka kabisa mikononi mwa programu.

Miongoni mwa zana za mwanzo za kibiashara zilizolishughulikia tatizo hili kwa upana ilikuwa Purify, iliyoelezwa na Reed Hastings na Bob Joyce katika mkutano wa USENIX wa majira ya baridi ya 1992. Hastings ndiye aliyeshiriki baadaye kuanzisha Netflix. Purify iliingiza ukaguzi ndani ya programu iliyokwisha kutafsiriwa, na mwishoni ikaonyesha nafasi zisizofikiwa na mahali zilipoombwa. Mwaka 2002, Julian Seward alitoa Valgrind, zana huria iliyofanya kazi kama hiyo kwenye Linux. Miongoni mwa waliojiunga na kazi hiyo mapema ni Nicholas Nethercote, ambaye tutakutana naye tena.

Kivinjari kinakuwa jukwaa

JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, nayo iliiachia injini kazi ya kurudisha kumbukumbu: mwandishi wa ukurasa asisumbuliwe. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejali sana. Ukurasa ulifunguliwa, ukasomwa, ukaachwa. Muda wake wa kuishi ulikuwa dakika chache, na kila ukurasa mpya ulikuwa mwanzo mpya.

Hali hiyo ilibadilika Gmail ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 na Google Maps mwezi Februari 2005. Sasa ukurasa mmoja uliachwa wazi siku nzima, ukibadilisha sehemu zake bila kupakiwa upya. Ndipo udhaifu wa 1963 ulipojitokeza ndani ya Internet Explorer 6. Kivinjari hicho kilikuwa na mifumo miwili ya kutunza kumbukumbu kwa pamoja: injini ya hati ilikusanya taka kwa kufuata mizizi, lakini vipengele vya ukurasa vilitunzwa kwa hesabu ya marejeleo. Kitufe kilichorejelea kazi ya JavaScript, ambayo nayo ilikirejelea kitufe hichohicho, kiliunda mzunguko uliovuka mpaka wa mifumo hiyo miwili. Hakuna mfumo uliouona mzunguko mzima. Kibaya zaidi, kumbukumbu hiyo haikurudishwa hata mtumiaji alipohamia ukurasa mwingine. Ilibaki mpaka kivinjari chenyewe kifungwe.

Mtumiaji wa kawaida aliyekifunga kivinjari kila jioni aliweza kuvumilia. Jaribio otomatiki halikuweza, kwa kuwa lenyewe ni mtumiaji asiyechoka na asiyefunga. Lilifungua kurasa mamia ndani ya mchakato mmoja, na kila ukurasa uliacha masalio yake. Zana kama Drip, iliyotengenezwa na Joel Webber, zilizaliwa kutokana na hali hiyo: zilipakia ukurasa tena na tena na kuonyesha vipengele vilivyosalia. Hii ni hatua muhimu ambayo wanahistoria wa uhandisi wa programu hawajaipa uzito unaostahili. Kurudiarudia, ambako ndiko kulikoleta tatizo, kulifanywa kuwa chombo cha kulitambua.

Selenium na mtazamaji aliyemo chumbani

Mwaka 2004 Jason Huggins, akiwa mfanyakazi wa ThoughtWorks mjini Chicago, alitengeneza Selenium ili kuipima programu ya ndani ya kujazia saa za kazi na gharama. Jina lake, kama inavyosimuliwa, lilikuwa utani dhidi ya kampuni mshindani iliyoitwa Mercury, yaani zebaki, kwa kuwa madini ya seleniamu yanasemekana kupunguza sumu ya zebaki.

Toleo hilo la kwanza liliandikwa kwa JavaScript na kuendeshwa ndani ya kivinjari kilekile kilichokuwa kikijaribiwa. Kwa suala la kumbukumbu, maana yake ni kwamba mpimaji na anayepimwa walikula sahani moja. Kumbukumbu ilipokua, hapakuwa na njia ya moja kwa moja ya kujua ni mkono wa nani ulioingia mara nyingi. Hatua iliyofuata, ya kuweka seva ya Java katikati, iliutatua mkanganyiko huo kwa kiasi na kuleta mwingine: seva hiyo nayo ina lundo lake la kumbukumbu lenye kikomo, na ikiendeshwa usiku kucha bila kuanzishwa upya inaweza kukifikia. Simon Stewart alichukua mwelekeo tofauti kwa kutengeneza WebDriver, inayokiendesha kivinjari kutoka nje kupitia kiendeshi maalumu. Miradi hiyo miwili iliunganishwa katika Selenium 2.0 mwezi Julai 2011, na itifaki ya WebDriver ikawa pendekezo rasmi la W3C mwezi Juni 2018.

Kumtoa mpimaji nje kulirahisisha uchunguzi, lakini kulizaa aina mpya ya kosa ambayo hadi leo ndiyo ya kwanza kukaguliwa na mtaalamu yeyote mwenye uzoefu. WebDriver ina amri mbili zinazofanana kwa sura: moja hufunga dirisha lililo mbele, nyingine humaliza kikao kizima pamoja na mchakato wa kiendeshi. Anayetumia ya kwanza akidhani ni ya pili anaacha michakato hai kwenye mashine. Vivyo hivyo, amri ya kumaliza ikiandikwa mwishoni mwa jaribio, na jaribio likashindwa kabla ya kufika hapo, amri haitekelezwi kamwe. Dawa inayojulikana ni kuiweka katika sehemu ya usafi inayotekelezwa jaribio likipita au likishindwa. Kosa hili halihusu kumbukumbu kwa maana finyu. Ni kosa la sarufi ya amri, na limekula kumbukumbu nyingi kuliko makosa mengi ya kitaalamu.

MemShrink: kazi ya kuhesabu

Kipindi ambacho nakiona kuwa na mafunzo mengi zaidi kwa wasomaji wa kumbukumbu hizi za kongamano ni kile cha Mozilla kuanzia mwaka 2011. Firefox, iliyotoka kwa mara ya kwanza Novemba 2004, ilikuwa imejipatia sifa mbaya ya kula kumbukumbu. Chrome ya Google, iliyotoka Septemba 2008, ilikuwa imechagua kutenganisha vichupo katika michakato tofauti: kichupo kikifungwa, mchakato unakufa na kila ilichoshika kinarudi kwa mfumo endeshi. Uamuzi huo unatumia kumbukumbu nyingi kwa jumla, lakini unarahisisha usafi. Firefox ya wakati huo ilikuwa na mchakato mmoja kwa vichupo vyote.

Mwezi Juni 2011, Nethercote, aliyetoka kwenye Valgrind, alianzisha juhudi iliyoitwa MemShrink. Haikuanza na ubunifu wa kiufundi. Ilianza na mkutano wa kila wiki, alama ya kuziweka hitilafu za kumbukumbu kwenye kundi moja, viwango vitatu vya umuhimu, na taarifa ya maandishi ya mara kwa mara kuhusu kilichorekebishwa. Sambamba na hayo, ukurasa wa ndani wa kivinjari ulioorodhesha matumizi ya kumbukumbu uliboreshwa sana, hata ukawa mti wenye matawi: kiasi hiki ni cha injini ya JavaScript, kiasi hiki ni cha picha, kiasi hiki ni cha ukurasa fulani. Tawi moja lilikuwa na jina la unyenyekevu: "isiyoainishwa". Humo kiliingia kila ambacho hakuna aliyejua ni cha nani. Kwa muda mrefu tawi hilo lilikuwa kubwa, na sehemu nzuri ya kazi ya timu ilikuwa kulipunguza kwa kutengeneza chombo maalumu kilichopewa jina la DMD, kwa kurejelea maada nyeusi ya wanafizikia. Kulikubali fungu la usichokijua, kulipa jina na kuliweka mbele ya macho ya umma ni uaminifu wa kitaaluma ambao si taasisi nyingi zinauthubutu.

Upimaji wenyewe ulifanywa otomatiki. Mfumo ulioitwa Are We Slim Yet uliiendesha Firefox bila mtu, ukifungua kurasa 100 katika vichupo 30 na kupima kumbukumbu katika hatua mbalimbali, kikiwemo kipindi cha baada ya vichupo kufungwa. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa na uzito. Kumbukumbu inayotumika wakati vichupo viko wazi ni gharama ya kazi. Inayobaki baada ya kufungwa ndiyo inayohitaji maelezo.

Uchunguzi huo ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya lawama haikuwa ya kivinjari wala ya kurasa. Ilikuwa ya viongezi, yaani programu ndogo ambazo watumiaji walizisakinisha wenyewe. Kiongezi kilichoshika rejeleo moja tu la ukurasa kiliuzuia ukurasa mzima usikusanywe hata baada ya kufungwa. Wataalamu waliziita kurasa hizo mizuka. Timu haikuwa na uwezo wa kurekebisha maelfu ya viongezi vilivyoandikwa na watu wengine, kwa hiyo ilibadili kivinjari: ukurasa ukifungwa, marejeleo yanayotoka kwa viongezi kwenda kwake yakatwe kwa nguvu. Badiliko hilo, lililofanywa na Kyle Huey, liliwafikia watumiaji katika Firefox 15 mwezi Agosti 2012 na kuondoa sehemu kubwa ya tatizo kwa mkupuo.

Ukuta usioonekana wa megabaiti 64

Vivinjari visivyo na dirisha vilibadilisha tena ramani. PhantomJS ya Ariya Hidayat, iliyotoka Januari 2011, iliwezesha majaribio kuendeshwa kwenye seva zisizo na skrini. Mwaka 2017 Chrome yenyewe ilipata uwezo huo katika toleo la 59, na mtunzaji wa PhantomJS wa wakati huo akatangaza kujiuzulu, akitaja miongoni mwa sababu zake kwamba Chrome ilikuwa imara zaidi na haikuwa na ulafi wa kumbukumbu. Kwamba Chrome, ambayo kila mtumiaji wa kipakatalishi huilaumu kwa ulafi huohuo, ilisifiwa kwa kiasi ni ushahidi wa namna lawama za kumbukumbu zinavyotegemea mlinganisho.

Wakati huohuo majaribio yalikuwa yakihamia ndani ya kontena. Docker ilionyeshwa hadharani Machi 2013. Kontena huwekewa mipaka na kiini cha Linux, na mpaka mmoja uliwasumbua watu kwa namna ya pekee: kumbukumbu ya pamoja, ambayo Chrome huitumia kupitishia data kati ya michakato yake, hupewa na Docker megabaiti 64 tu isipoelekezwa vinginevyo. Mashine inaweza kuwa na gigabaiti 32 zilizo tupu, lakini ukurasa wenye picha nyingi ukizivuka hizo 64, kichupo kinaanguka. Aliyetafuta kosa ndani ya programu yake hakulipata, kwa kuwa halikuwamo. Aliyeongeza kumbukumbu ya mashine hakupata nafuu, kwa kuwa ukuta haukuwa hapo. Suluhisho lilikuwa ama kuongeza fungu hilo wakati wa kuanzisha kontena, ama kuiagiza Chrome itumie saraka ya muda badala yake. Ni mstari mmoja wa maelekezo, lakini kuufikia kulihitaji mtu ajue kwamba kumbukumbu si ghala moja.

Java nayo ilikuwa na upofu wake. Matoleo ya kabla ya Java 10 yalisoma ukubwa wa mashine nzima badala ya mpaka wa kontena, na kwa desturi yalijiruhusu lundo la hadi robo ya ukubwa huo. Katika mashine ya gigabaiti 64, seva ya majaribio iliyowekewa kontena la gigabaiti 2 ilijiona ina haki ya gigabaiti 16. Kiini cha Linux kiliimaliza bila maelezo, na kilichobaki katika taarifa ni namba 137, ambayo ni 128 ikijumlishwa na 9, namba ya ishara ya kuua. Mtu asiyejua hesabu hiyo anasoma taarifa ya kifo bila kujua kwamba imetaja chanzo.

Safari ya kwenda na kurudi

Katika mkutano wa Google I/O wa mwaka 2013, Loreena Lee na John McCutchan walieleza namna timu ya Gmail ilivyopambana na kumbukumbu inayokua. Mbinu waliyoieneza ni ya kupiga picha tatu za kumbukumbu: moja kabla ya kitendo, ya pili baada yake, na ya tatu baada ya kukirudia, kisha kutafuta vitu vilivyozaliwa kati ya picha ya kwanza na ya pili ambavyo bado viko hai katika ya tatu.

Mwaka 2018 John Vilk na Emery Berger wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst waliligeuza wazo hilo kuwa utaratibu otomatiki kamili katika zana yao ya BLeak. Msingi wake ni sahili: mtumiaji akitoka kwenye orodha ya barua, akafungua barua moja, kisha akarudi kwenye orodha, anaona kitu kilekile, basi na kumbukumbu iwe ileile. Safari ikirudiwa mara kadhaa na kitu fulani kikaongezeka kila mara, kitu hicho ndicho mshukiwa. Kwa njia hiyo walitambua na kurekebisha hitilafu zaidi ya 50 katika programu na maktaba mashuhuri, na ukuaji wa lundo ukapungua kwa wastani wa asilimia 94. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa MemLab kama programu huria inayofuata mantiki ya ukoo huohuo. Cypress nayo, chombo cha majaribio kinachoendeshwa ndani ya kivinjari kama Selenium ya kwanza, ilikuwa na desturi ya kuhifadhi picha za majaribio 50 yaliyopita ili mwanaprogramu aweze kurudi nyuma. Miradi mikubwa ililazimika kuipunguza namba hiyo, na mwaka 2023 kikaongezwa kipengele cha majaribio cha kudhibiti kumbukumbu. Mtazamaji alikuwa amerudi chumbani.

Istilahi na madhara yake

Katika historia yote hii, kilichobadilika ni asili ya kosa. Katika C, kumbukumbu imepotea: hakuna anayeielekeza. Katika JavaScript, kumbukumbu haijapotea hata kidogo. Ipo mtu, mahali fulani, aliyeishika na hataki kuiachia: kiongezi kilichokumbatia ukurasa uliofungwa, orodha isiyofutwa, msikilizaji wa tukio ambaye hakuondolewa. Kiingereza kiliendelea kutumia neno lilelile kwa hali mbili zinazokinzana. Kiswahili kimerithi mkanganyiko huo kwa kutafsiri neno kwa neno na kupata "uvujaji wa kumbukumbu".

Kwetu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza, neno "kumbukumbu" katika utumishi wa umma lina kazi nyingine za zamani: kumbukumbu za kikao, kumbukumbu namba ya barua, ofisi ya kumbukumbu na nyaraka. Pili, "kuvuja" katika ofisi hizohizo ni jambo la siri na mitihani. Mtaalamu akiandika katika taarifa ya wizara kwamba mfumo una uvujaji wa kumbukumbu, msomaji asiye mhandisi ataelewa kwamba taarifa za wananchi zimetoka nje. Uganda na Kenya zina sheria za ulinzi wa data binafsi za mwaka 2019, Rwanda ya 2021 na Tanzania ya 2022. Chini ya sheria za namna hiyo, tafsiri hiyo potofu inaweza kuanzisha uchunguzi usiostahili. Hatari ya upande wa pili ni kubwa vilevile: uvujaji halisi wa data ukaelezwa kwa maneno haya na kuachwa mikononi mwa mafundi kana kwamba ni suala la kasi ya mashine.

Napendekeza "uhodhi wa kumbukumbu" kwa hali ya pili. Kuhodhi ni kitenzi ambacho kila msomaji wa gazeti anakijua kutokana na sukari na mafuta: bidhaa ipo nchini, lakini imefungiwa ghalani na asiyeihitaji sasa. Kimantiki ndicho hasa kinachotokea katika injini ya JavaScript. Pingamizi ninalolitarajia ni kwamba mhodhi ana nia, ilhali programu haina. Jibu langu ni kwamba hata mkusanya taka hana fagio, na istilahi imekubalika. Kwa hali ya kwanza, "upotevu wa kumbukumbu" ungefaa kimantiki, ila daktari wa wazee ataulalamikia, na ana haki. "Kumbukumbu yatima" inaweza kufikiriwa, kwa kuwa kilichokosekana ni mzazi wa kuielekeza.

Suala hili haliwezi kuachiwa watafiti wa istilahi peke yao. Rwanda iliifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha uamuzi wa namna hiyo Julai 2022. Huduma za serikali zimehamia wavuti, kama Irembo nchini Rwanda na eCitizen nchini Kenya zinavyoonyesha, na mikataba ya mifumo ya aina hiyo huwa na sehemu ya vigezo vya kuukubali mfumo. Vigezo hivyo vikitaja majaribio, mara nyingi hutaja usahihi wa majibu tu. Mashine ya mpimaji yenye gigabaiti 32 itaificha hitilafu ambayo simu ya mwananchi yenye gigabaiti 1 itaikumbana nayo katika ukurasa wa tatu wa fomu, na mwananchi huyo hataandika ripoti; ataiacha fomu na kupanda gari kwenda ofisini. Android Go ilitolewa mwishoni mwa 2017 kwa ajili ya simu za ukubwa huo, kwa hiyo kundi hilo linajulikana.

Kifungu kinachohitajika kinaweza kuandikwa kwa sentensi mbili: kwamba safari kuu za mtumiaji zirudiwe kwa majaribio otomatiki idadi itakayokubaliwa, ndani ya kikomo cha kumbukumbu kinacholingana na simu ya chini inayotarajiwa, na kwamba kumbukumbu inayosalia baada ya kila kurudi mwanzo isizidi kiasi kilichoafikiwa. Ili kifungu hicho kiandikwe kwa Kiswahili, mwandishi wake anahitaji neno la kinachopimwa, na neno hilo lisiwe lile ambalo afisa sheria wa wizara ataliwekea alama nyekundu akidhani ni wizi wa nyaraka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na BAKITA wanaweza kuanza na hayo maneno mawili, "uhodhi" na "yatima", na kuyajaribu kwanza katika taarifa za hitilafu ambazo wahandisi wetu wanaandikiana kila siku.